Kiingereza Kilichomuua Aroni

Mama Aroni, ambaye jina lake la ubatizo ni Veneranda, alifiwa na mwanawe Jumanne moja saa nne asubuhi, akiwa shambani kwake Ilula anachuma nyanya. Msiba uliletwa na gari jeupe la kampuni lenye kibendera cha rangi ya machungwa. Uliletwa pamoja na magunia mawili ya mchele, dumu la mafuta ya kula, katoni ya sabuni na shada la maua ya plastiki lenye utepe mweupe. Kitu pekee kilichokosekana katika msiba ule kilikuwa maiti.

Ili tuelewe mtu anavyoweza kufa bila mwenyewe kushirikishwa, turudi nyuma miezi michache.

Veneranda ana miaka hamsini na sita, ni mjane, ni Mhehe, ni Mkatoliki wa kukaa benchi la pili. Nyanya amezilima tangu hajaolewa. Mfunge kitambaa machoni, mpe nyanya mkononi, atakwambia hii ni ya kupika leo, hii ya keshokutwa, hii ni ya kwenda Dar es Salaam maana bado ngumu, na hii dalali ameichomeka chini ya tenga akidhani sisi ni wajinga. Kwa nyanya moja ana maneno sita. Kwa Kiingereza alikuwa na "good morning", nayo aliitumia hata jioni.

Mabinti zake wawili wameolewa mbali. Kitindamimba, Aroni, alikwenda Makongolosi, huko Chunya kwenye dhahabu, akapata kazi kwenye kampuni ya wageni inayochoronga miamba. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa anampigia mama yake. Swali la kwanza halikubadilika: "Nyanya vipi?" Jibu nalo halikubadilika: "Zipo, wewe umekula?" Basi, hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha, dakika kumi zilizobaki ni heshima tu.

Februari simu ikakoma. Veneranda akapiga yeye. Akajibiwa na yule dada wa mtandao kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Alimwomba yule dada amwite Aroni. Alimbembeleza. Jumapili ya tatu alimtukana kwa Kihehe, ambacho yule dada hakifahamu, akaendelea kusema haipatikani, haipatikani. Tumweke akilini dada huyo. Katika habari hii yote, ndiye peke yake aliyepata neno sahihi tangu siku ya kwanza.

Aprili Veneranda akafunga kitambaa, akapanda basi la Mbeya, akalala kwa ndugu wa marehemu mumewe, kesho yake akapanda gari la Makongolosi. Getini kwa kampuni alimkuta mlinzi mmoja mrefu, anaitwa Nkuba, Msukuma ambaye baba yake alihamia na ng'ombe bonde la Usangu. Alikuwa amesimama chini ya kibao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Namtafuta mwanangu, anafanya kazi humu."

"Mama, mimi ni mlinzi. Habari za wafanyakazi ni za ofisi. Andika barua ofisini."

"Nitamwambia tu mkubwa wenu kwa mdomo."

Nkuba akanyoosha kidole juu kwenye kibao. Kibao kilisema hivi: BARUA NA MAOMBI YOTE YAANDIKWE KWA KIINGEREZA. Kilisema hivyo kwa Kiswahili, ili kila asiyejua Kiingereza aelewe vizuri kwamba hatakiwi.

Ndivyo Veneranda alivyofika Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwenye kibanda cha stationari cha Andendekisye.

Andendekisye anatoa fotokopi, anapiga picha za pasipoti, anachapa kadi za harusi, na mlangoni ameandika BARUA ZA KIINGEREZA ZA AINA ZOTE. Chuo kikuu alikiacha mwaka wa pili, au chuo ndicho kilichomwacha yeye. Maelezo hubadilika kutegemea nani anauliza. Watu wa Mwanjelwa wanamwita Profesa, naye hawasahihishi.

"Karibu mama yangu. Kiti hicho. Tukuandikie nini?"

"Mwanangu amenipotea."

"Pole sana. Tangu lini?"

"Februari."

"Amekupotea," Andendekisye alirudia polepole, kama anayeonja mchuzi kama umekolea. "Kupotea ni 'lost'. Sasa, aliyepotelewa ni nani? Ni wewe. Kwa hiyo mwenye 'lost' ni wewe. 'I have lost my son.' Mama, hii sentensi imekaa vizuri mpaka naionea huruma kuitoa humu ndani."

"Hapo inasema atafutwe?"

"Inasema yote. Mzungu hapendi kuelezwaelezwa. Ukimpa neno moja, mengine anajazia mwenyewe."

Mbele ya sentensi hiyo akaongeza kwamba mama anaandika kwa moyo mzito, maana barua bila moyo mzito inaonekana haina adabu. Mwishoni akaweka ile "kindly do the needful", ambayo barua zote za pale kibandani hufungwa nayo, iwe ya kuomba kazi, ya kuomba ruhusa, au ya kulalamikia mfereji wa jirani. Maana yake ni kwamba tafadhali fanyeni kinachostahili. Akaituma kwa barua pepe, akampa Veneranda nakala kwenye bahasha, akamsindikiza hadi barabarani.

Kampuni ikajazia yenyewe. Ikafanya kinachostahili.

Tumerudi Jumanne, saa nne asubuhi. Dereva wa gari jeupe alishuka, akavua kofia, akavuka matuta hadi alipoinama Veneranda.

"Mama, pole sana kwa msiba."

"Msiba gani baba?"

Dereva akatazama karatasi aliyoishika. "Wa Aroni."

Hapo utani wangu unasimama kidogo. Veneranda alikaa chini palepale, juu ya nyanya za kwenda Dar es Salaam, zikapasuka. Hakulia kwanza. Aliuliza, "Amelala wapi?" Dereva akasema yeye hajui, yeye amepewa mzigo na barua tu. Ndipo mama alipolia, na sauti ile watu waliisikia hadi barabara kuu.

Kufikia saa tisa turubai limesimama. Tekla, mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo, mwanamke ambaye Mungu alimuumba kwa ajili ya dharura, alikuwa ameshagawa zamu: hawa kuni, hawa maji, hawa mchele, wewe hapo acha kunitazama kamata karoti. Mchele wa kampuni ulikuwa mzuri. Watu waliusifu. Walisema kampuni ina utu. Katekista alikuja na daftari la nia za misa, akaandika: Marehemu Aroni.

"Amekufa tarehe ngapi?" aliuliza katekista.

Hakuna aliyejua. Wakaitazama barua ya kampuni, ambayo hakuna aliyeweza kuisoma, wakakuta tarehe juu kulia.

"Hiyo hapo," akasema Tekla. "Andika hiyo."

Hivyo Aroni akafa tarehe ile barua ilipochapwa.

Siku ya tatu akafika Anjela, binti wa Tekla, anayefundisha Kiingereza sekondari moja ya Iringa mjini. Alimkumbatia Veneranda, akalia naye inavyostahili, kisha akaomba aione barua. Akaisoma. Akairudia. Akauliza kama kuna barua nyingine iliyotangulia, Veneranda akatoa ile nakala ya Andendekisye, imekunjwa mara nane ndani ya kibindo.

"Mama mkubwa," Anjela alisema, "hawa hawasemi kwamba Aroni amekufa."

"Wanasemaje?"

"Wanasema wamesikitika kupokea taarifa yako kwamba Aroni amekufa."

Wanawake waliokuwa wanamenya viazi wakaacha visu vikae.

"Taarifa yangu?"

"Wewe ndiye uliyewaandikia. Kwa Kiingereza mtu akisema 'I have lost my son', huyo amefiwa. Ni kama sisi tunavyosema tumempoteza mzee fulani, nani anakwenda kumtafuta? Ulitakiwa kusema 'missing'."

"Si kitu kimoja?"

"Hapana mama mkubwa. Ukisema hivyo ulivyosema, Mzungu anavua kofia. Ukisema 'missing', anachukua tochi."

"Kiswahili chake ni nini, hiyo 'missing'?"

Anjela alifikiri. "Hapatikani," akasema.

Veneranda alisimama. Inasimuliwa kwamba alicheka, wengine wanasema alipiga chafya. Alianza kufungua kamba ya turubai kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama Aroni!" Tekla alimdaka mkono. "Unafanya nini?"

"Hajafa."

"Barua imesema amekufa."

"Ni mimi nimesema! Nimesema kwa makosa!"

"Haya, hajafa. Na mchele?"

Swali hilo liligeuza macho ya uwanja mzima kwenye magunia. Gunia la kwanza lilikuwa limekwisha, la pili liko nusu, na sufuria kubwa ilikuwa inachemka.

"Watu wamekula wali wa msiba siku tatu," Tekla aliendelea, kwa sauti ya chini sasa, ya udada. "Wameimba. Padri ameshataja jina altareni. Leo tuwaambie walikuwa wanakula nini? Pasaka? Kaa chini dada yangu. Uchungu unaongea. Mwenzako mume wangu alipofariki, nilimwona sokoni wiki nzima."

Na hapo ndipo mkono wa Veneranda ulipofungwa kabisa. Kila alipokataa msiba, watu walimwonea huruma zaidi. Alipokataa kunyolewa nywele, walisema amechanganyikiwa. Alipoficha nguo za Aroni ili zisije zikagawiwa siku ya kumaliza matanga, walisema anampenda sana marehemu. Alipopiga kelele kwamba mwanangu ni mzima, walimletea uji.

Anjela alisema ataandika barua nzuri mwenyewe akishamaliza kusimamia mitihani. Veneranda hakuweza kungoja mitihani. Alimwomba Anjela amwandikie lile neno kwenye kiganja kwa kalamu, MISSING, na asubuhi yake akapanda basi la Mbeya akiwa amekunja ngumi ili jasho lisilifute. Basi liliposimama Igawa abiria walishuka kununua mahindi ya kuchoma. Yeye alibaki kwenye siti na ngumi yake.

Andendekisye alipoelezwa alivyomuua mtu, alizima mashine ya fotokopi. Tumtendee haki: alisikitika kweli. Kisha akafanya kile anachofanya msomi yeyote akisikitika, akatafuta wa kumsukumia. Akatoa kamusi yake isiyo na jalada.

"Tazama mwenyewe mama yangu. Hii hapa 'lost'. Wameandika nini? Iliyopotea. Twende 'missing'. Hii hapa. Wameandika nini?"

"Soma wewe."

"Iliyopotea! Mapacha hawa. Mimi ningewatofautishaje? Hata waliotunga kamusi walichoka."

"Mimi sitaki mapacha. Nataka hili la kwenye mkono."

"Hilo hilo nakuwekea." Na akaliweka. Tatizo la Andendekisye lilikuwa moja, kwamba akishapata sentensi iliyokaa vizuri hapendi kuivunja. Alitoa tofali moja akapachika lingine. Barua ya pili ilisema: "I am missing my son Aroni." Akaisoma kwa sauti, ikamridhisha. Kindly do the needful.

Siku nne baadaye alimpigia Veneranda simu huko Ilula. Sauti yake haikuwa ya profesa.

"Mama, wamejibu."

"Wanamtafuta?"

"Wanasema… Wanasema nao wanamkumbuka sana. Ni kijana aliyekuwa mchapakazi. Wanasema ni kawaida mama kumkumbuka mwanawe, na kwamba muda utaponya." Akakohoa. "Wametoa na namba ya mshauri wa wafiwa. Anapatikana kwa Kiingereza."

Lile neno jipya nalo lilikuwa na mlango wa nyuma. Mtu akiwa 'missing' anatafutwa. Lakini mama akiwa 'missing' mtu, amejaa kumbukumbu tu, apewe kitambaa ajifute. Veneranda aliposimuliwa hilo na Anjela kwenye simu, alisema kitu kimoja tu: "Kwa nini wanatumia neno moja kwa mambo mawili, na maneno mawili kwa jambo moja?" Anjela, mwenye digrii ya lugha hiyo, alisema hajui.

Mitihani ilipokwisha Anjela akaandika barua yake. Hiyo ilikuwa barua. Haikuwa na moyo mzito wala kinachostahili. Ilisema Aroni hapatikani tangu Februari, mama yake hana taarifa yoyote kwamba amekufa, barua zilizotangulia zilikosewa lugha, na anaomba kujua mara ya mwisho alionekana kazini siku gani. Mistari saba. Veneranda hakuituma kwa mashine. Aliibeba mwenyewe hadi Makongolosi, ikiwa ndani ya misale, kitabu chake cha misa.

Nkuba alikuwa getini palepale. Alipomwona alivua kofia, na Veneranda akajua maana yake.

"Shikamoo mama. Pole sana kwa—"

"Vaa kofia yako baba. Peleka hii."

Alikaa kwenye jiwe karibu na geti. Ng'ambo ya uzio, ukutani pa ofisi, palikuwa na ubao mpya mweusi wa kuwakumbuka marehemu, wenye majina matatu kwa rangi nyeupe. Kusoma herufi alijua. Jina la tatu lilikuwa la mwanawe, na pembeni yake tarehe. Tarehe ya barua.

Baada ya saa mbili akatoka karani, binti nadhifu mwenye sketi ya kubana, akachuchumaa mbele ya jiwe kwa adabu.

"Mama, shikamoo. Tumeisoma barua yako. Kwa kumbukumbu zetu, Aroni ni marehemu."

"Nani amewaambia?"

"Tuna barua kwenye faili."

"Ya nani?"

Binti alitazama chini. "Yako mama."

"Na hiyo niliyoleta leo ni ya nani?"

"Nayo ni yako. Lakini inapingana na ile, na ile ndiyo ilitangulia, faili likafungwa. Bosi anasema likifunguliwa bila uthibitisho ni kosa. Anasema itabidi Aroni mwenyewe aje, na kitambulisho."

"Mwanangu aje kusema kwamba hapatikani?"

"Ndiyo utaratibu ulivyo mama. Samahani sana." Na alimaanisha. Kila mtu katika habari hii anamaanisha.

Binti akarudi ndani. Veneranda alibaki kwenye jiwe. Hakuwa na barua nyingine, wala neno jingine la kwenye kiganja. Jua lilikuwa limepanda na vumbi la malori lilikuwa limempaka nyusi. Nkuba alimtazama muda mrefu, akaja na kikombe cha maji.

"Mama," alisema, "kwani Aroni wewe unamtafuta, au unatafuta mafao?"

"Namtafuta mwanangu. Nimesema tangu siku ya kwanza. Namtafuta mwanangu."

"Yule mweupe kidogo? Anayependa kuuliza bei ya nyanya?"

Kikombe kilimwagika chote kwenye kanga.

"Huyo niliachana naye hapa hapa," Nkuba alisema. "Mwezi wa pili, siku ya soko. Aligombana na msimamizi, akaacha kazi. Akanipa buti zake za kampuni nizirudishe, akasema anafuata wenzake wanaochimba wenyewe huko ndani porini, ambako simu hazishiki. Akasema ataniona."

"Alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa. Alikuwa ananicheka."

"Huko porini ni wapi?"

Nkuba akageuka, akanyoosha mkono kuelekea miombo, kisha akausogeza kidogo kushoto, kisha akaurudisha. "Huko," akasema. "Wanahama hama mama. Dhahabu ikikata hapa wanakwenda pale. Mimi sijui. Wangu mwenyewe, mdogo wangu, yuko huko pia."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Hukuniuliza mimi mama. Ulisema unataka mkubwa."

Ilikuwa kweli. Nkuba akaingia kibandani, akatoka na buti mbili zilizofungwa pamoja kwa kamba, udongo mwekundu umekaukia kwenye soli. Alikuwa amechelewa kuzirudisha, kampuni ikazikataa. Mwenye namba hiyo ni marehemu, stoo haipokei vitu vya marehemu.

"Chukua mama. Angalau urudi na kitu."

Alinyoosha mikono. Kisha akaiona safari ya kurudi: yeye anashuka kwenye basi Ilula na buti za mwanaume mkononi. Tekla anaziona. Tekla hahitaji barua, wala Anjela, wala kamusi. Kwa Ilula hiyo, viatu vya mtu vikirudi nyumbani bila miguu yake, lugha imekwisha. Zitawekwa chini ya turubai, zitapewa mjomba.

Akairudisha mikono.

"Zikae hapa," alisema. "Atazipitia mwenyewe."

"Mama, mimi hapa ni mkataba wa miezi mitatu mitatu. Nikiondolewa?"

"Mwachie anayekuja."

"Nimwambie nini?"

Veneranda alitazama ule ubao ng'ambo ya uzio, halafu kiganja chake, ambako wino ulikuwa umeshafutika.

"Mwambie ni za mtu ambaye hapatikani kwa sasa," alisema. "Na umwambie kwa Kiswahili."

Nkuba akaziweka buti ndani ya kibanda, karibu na mlango, ncha zikitazama nje. Veneranda akakung'uta kanga, akavuka barabara kwenda kungoja gari la Mbeya. Jumapili iliyofuata, baada ya misa iliyotaja tena jina la mwanawe kati ya marehemu, alipiga ile namba. Dada akapokea, akasema vilevile. Veneranda akamshukuru.